Viwanja Arobaini na Kimoja Juu ya Kabati

Kumb. Na. KORIDO/KABATI/41

Kwa Msimamizi wa Mitambo,
ambaye pia ni binti yetu wa pili,
hukohuko aliko.

Ndugu Msimamizi,

YAH: KUBOMOLEWA KWA VIWANJA 41 BILA NOTISI, PAMOJA NA KUINGIA KWA BABA BILA HODI

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza chenyewe, lakini kwa kuwa nakujua tangu unatambaa, nitaeleza tena taratibu.

Barua hii ni ya kiofisi. Salamu za nyumbani ziko mwishoni, tafadhali usizirukie. Naituma kwa posta, ingawa najua ingefika upesi zaidi kwa njia ya mtandao, kwa sababu seva ni mtuhumiwa namba mbili katika shauri hili, na mtuhumiwa hatumwi kupeleka barua ya kumshtaki.

Utakumbuka kwamba siku uliporudi kazini ulituachia sanduku jeusi lisilo na kioo wala kibodi, ukaliweka juu ya kabati la koridoni. Ukasema hiyo ndiyo seva. Kompyuta zetu mbili, yangu na ya mama yako, zimezeeka, kwa hiyo kazi yote itafanyika ndani ya sanduku, na sisi tutakuwa tunaifikia kwa mbali kupitia vioo vyetu, na hata kupitia simu. Ukaniachia karatasi ya maelekezo yenye hatua nne, kwa mwandiko ambao walimu wako wote walishindwa kuunyoosha. Kwanza, fungua dirisha jeusi la kuandikia amri. Pili, andika amri ya kuanzisha, na mbele yake upana na urefu unaotaka. Tatu, seva itakujibu kwa kukupa meza yenye namba, yaani uso wa kazi utakaouona kwenye kioo chako. Ingia kwa namba hiyo na nenosiri. Nne, ukitaka kuzima, andika amri ya kuua, na mbele yake namba ya meza inayohusika.

Mwanzoni hakuna aliyeligusa sanduku hilo. Mama yako alilifunika kitambaa. Lakini mimi ni mpima ardhi mstaafu, si mtu wa kukaa na karatasi ya maelekezo mfukoni bila kuitekeleza. Miaka thelathini na mmoja nimefungua ofisi saa moja na nusu, na kila asubuhi nilifungua ukurasa mpya wa daftari. Nikafanya hivyohivyo. Kila siku ya kazi, nikiwa nimeoga na kuvaa, nilifungua dirisha jeusi na kuandika amri ya kuanzisha. Siku ya kwanza seva ikajibu: meza namba moja. Siku ya pili: meza namba mbili. Siku ya tatu ikanipa ya tatu, bila kununa wala kuuliza ya jana nimeifanyia nini.

Nilipofika namba kumi nikakaa nikatafakari. Kitu chenye namba, upana, urefu na ufunguo, mwanangu, mimi nakijua kwa jina lake. Nikachukua daftari la mistari, nikanoa penseli, nikaanza kugawa viwanja.

Usiniambie kwamba si ardhi. Najua si ardhi. Nimepima mabonde na makaburi, siwezi kuchanganya kioo na shamba. Nasema tu kwamba utaratibu wa kugawa ni uleule. Sasa nayataja malalamiko yangu kwa namba, uyajibu kwa namba.

1. Karatasi yako haikusema popote kwamba amri ya kuanzisha huandikwa mara moja tu na kuachwa. Nimeisoma mbele, nyuma, na kwa miwani ya mama yako. Kama sheria haikuandikwa, raia havunji kitu. Baadaye nilisikia unamwambia mama yako kwenye simu, na simu ilikuwa imewekwa spika: "Mama, si nilimwambia baba awashe mara moja tu, inatosha?" Hukuniambia. Siku ya kuondoka ulikuwa na haraka ya kuwahi usafiri, ukaniambia nikumbuke kunywa dawa.

2. Unaingia bila hodi. Kila siku ya kazi, ikifika saa tatu kamili, mimi nikiwa nimetulia kwenye meza yangu namba moja, mshale unaanza kutembea wenyewe. Mkono wangu uko kwenye kikombe, mshale unatembea! Mara ya kwanza niliruka, chai ikaingia kwenye kibodi, na tangu siku hiyo herufi ya G inabonyezwa kwa kidole gumba. Nilipotulia nikajua ni wewe, maana ulisema siku ile kwamba utakuwa unaweza kuingia ukiwa kokote kututazama. Sawa. Lakini mtoto wa watu hufika kwa baba yake akasema hodi, akaamkia. Mimi nimekuandikia "Marahaba" kwa herufi kubwa katikati ya kioo mara kumi na mbili bila kuamkiwa hata mara moja.

Isitoshe, ukishaingia unafungua karata. Nilishangaa sana. Nikajiuliza huko kazini hawana kazi ya kukupa? Sikumwambia mama yako, nikakustahi. Nilikuwa nakuangalia unavyokwama, nikakusogezea saba ya kopa pale ilipotakiwa, nawe ukaendelea bila asante. Ikawa ndiyo desturi yetu. Nalalamika, lakini naeleza ukweli: tangu desturi hii ianze nimekuwa navaa shati la kola kabla ya saa tatu, kwa sababu sijui hicho kifaa chako kinaona mpaka wapi.

3. Seva haimruhusu mtu kumaliza methali. Niliweka nenosiri ambalo si rahisi kuotea: asiyesikia la mkuu huvunjika guu, yote, bila kuacha nafasi. Nikajisifu. Siku moja nikiwa na usingizi nikakosea mwishoni, nikaandika huvunjika mguu, na bado mlango ukafunguka. Nikajaribu huvunjika sahani. Ukafunguka. Nikachunguza kama mpimaji, nikagundua kwamba seva inasoma herufi nane za mwanzo tu na zilizobaki inazitupa. Kwa hiyo nenosiri langu lote la hekima ni "asiyesik". Hiyo si methali, hiyo ni chafya.

Hasara yake ni mjomba wako. Unamjua mjomba wako wa chumba cha uani, kaka wa mama yako, yule tunayemwita Msumari kwa sababu akishakaa mahali hang'oki. Mimi naye hatujazungumza tangu suala la ngazi yangu aliyoiazima na kuirudisha ikiwa na vidato pungufu. Sikumnyima kiwanja, haki ni haki. Nilimpa namba kumi na saba. Lakini sikumpa nenosiri la methali, nilimwandikia kikaratasi atume maombi kwanza. Yeye akasimama nyuma yangu akanisikia nikijitamkia "asiyesikia..." wakati naandika, akajazia mwisho wake mwenyewe, akaingia. Mwisho wenyewe aliojazia siwezi kuuandika kwenye barua ya kiofisi.

4. Vipimo. Hapa najitetea kabla hujanishambulia. Shangazi yako alitaka kiwanja chenye uso mpana, kama nyumba ya barabarani, ili kila anayepita aone. Nikampa upana elfu mbili na urefu mia tatu. Ni kweli anaona mistari mitatu tu ya maandishi kwa wakati mmoja, na ni kweli anasoma huku shingo inakwenda kushoto na kulia kama mtu anayetazama mpira wa meza, lakini alichagua mwenyewe na sahihi yake ninayo. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara alitaka kilichosimama wima kama kioo cha kujaribia nguo, nikampa. Msumari ni kapera, nikampa mia nne kwa mia nne, kinamtosha mtu mmoja na mto wake.

Kuna pia ile namba ya kina cha rangi, yaani wingi wa rangi zinazoonekana kiooni, ambayo ukiongeza inakuwa ishirini na nne na ukipunguza inakuwa nane. Mama yako nilimpa ishirini na nne, kwa sababu naishi naye. Wengine niliwapa nane ili kubana matumizi. Picha ya pasipoti ya mjomba wako ilitoka ya kijani. Akamwambia mama yako nimemfanyia makusudi. Nilimjibu kwa maandishi kwamba seva haina chuki na mtu.

Na lile faili la kuanzia, linalosema kila meza ikifunguka iwe na nini ndani yake, nililifungua kwa amri mwenyewe na kulirekebisha, jambo ambalo nadhani hata wewe mwaka wako wa kwanza chuoni usingethubutu. Zamani kiwanja kilifunguka kijivu kitupu, kimefyekwa, hakina hata neno la karibu. Sasa kila kiwanja kikifunguka, mwenye kiwanja anakutana kwanza na barua yangu ya ugawaji yenye masharti kumi na moja, likiwamo la kutofuga wanyama na la kuendeleza kiwanja ndani ya siku thelathini. Nakubali kwamba barua hiyo haifungiki mpaka isomwe yote, na kwamba mama yako amesomeshwa masharti hayo kila alipotaka kuangalia hali ya hewa. Sheria haina shemeji.

5. Joto. Umelalamika kupitia mama yako kwamba sanduku linachemka kwa sababu ya viwanja kuwa vingi. Linachemka, ndiyo. Mama yako anaweka bakuli la unga wa mkate juu yake, na unaumuka kwa dakika ishirini badala ya saa nzima. Naomba jambo hili liingizwe kwenye faida.

6. Sasa nafika kwenye lenyewe. Alhamisi iliyopita niliingia ofisini, yaani koridoni, saa moja na nusu. Nikaandika amri ya kuanzisha, nikitarajia namba arobaini na mbili. Seva ikajibu: meza namba moja.

Nilidhani macho. Nikafuta miwani. Nikaomba orodha ya viwanja vyote, nikapewa kimoja, hicho nilichokifungua sasa hivi. Arobaini na kimoja vyote vimebomolewa, mwanangu. Wiki nane na siku moja za kazi. Na mimi nilikuwa nimefunga ofisi Jumatano saa tisa na nusu, kila kitu kikiwa salama, baada ya kumaliza shughuli moja ndogo ya kumtoa Msumari kwenye namba kumi na saba kwa kukiuka sharti la nne. Hakuna aliyeingia koridoni usiku. Nani mwingine mwenye uwezo wa kuua meza zote kwa mpigo akiwa mbali, kama si wewe?

Hasara ni hizi. Fundi cherehani alikuwa ameandika vipimo vya waimbaji ishirini na sita wa kwaya, na alikuwa hajahifadhi, kwa sababu nilimwambia kwenye kiwanja chake yuko salama kuliko kwake. Sasa kichwani anakumbuka vipimo vya mtu mmoja tu, mpiga kinanda, naye ni mtu wa mwili. Majoho yote ishirini na sita yatakuwa ya mpiga kinanda. Shangazi yako amepoteza rasimu ya barua ya kunishtaki kwa ufinyu wa kiwanja, akaja kunililia mimi mshtakiwa. Wenye viwanja vingine walisimama koridoni wamenitumbulia macho kama waliokuta basi limeondoka, na mimi nikawaambia "Subirini, nawasiliana na wakubwa." Maneno hayo nimeyasema kazini miaka thelathini na mmoja. Safari hii mkubwa ni mtoto niliyembeba mgongoni.

7. Na la mwisho, ambalo ndilo limenifanya nishike kalamu. Kwenye simu hiyohiyo ya spika ulimwambia mama yako: "Nitampa baba paswedi ya kutazama tu, aache kugusagusa." Mama yako akacheka. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikitafuta soksi.

Nimeuliza maana ya paswedi ya kutazama tu. Nimeelezwa kwamba mtu anaingia, anaona kila kinachofanyika, anaona mshale wa wenzake ukienda na kurudi, lakini yeye akisogeza wake hausogei, akiandika hakiandikiki. Basi ngoja nikwambie jambo ambalo halihusu seva. Hayo ndiyo maisha yangu tangu siku niliyokabidhi tepu za kupimia na kupewa saa ya ukutani. Naona nyumba inakwenda, watoto wanapanga, mafundi wanaitwa, na mimi nikifungua mdomo naulizwa kama nimekula. Mwaka mzima hakuna aliyeniuliza swali jingine. Halafu nikaanza kugawa viwanja, na watu wakarudi mlangoni. Walikaa kwenye benchi. Walishika bahasha. Shangazi yako, ambaye ni mkubwa kwangu, aliniita "mheshimiwa", na najua alinitania, lakini aliniita. Ukinipa hiyo paswedi ya kutazama tu, utakuwa umenistaafisha mara ya pili, na mara ya kwanza sikuipenda.

Kwa hiyo nadai yafuatayo. Viwanja vyote arobaini na kimoja virudishwe kwa namba zilezile na kwa vipimo vilevile. Nibaki na mamlaka kamili ya amri ya kuanzisha, amri ya kuua na faili la kuanzia. Uje mwenyewe kuomba radhi mbele ya kwaya. Kama haiwezekani kuvirudisha, basi nipewe fidia ya viwanja arobaini na kimoja kwenye seva ya huko kazini kwako, sehemu isiyo na mafuriko, na mkubwa wako wa kazi aarifiwe kwamba nitakuwa naingia kila siku saa moja na nusu kukagua mipaka. Nitaweka na benchi. Usiponijibu ndani ya siku kumi na nne nitaitisha kikao cha ukoo, na unajua kikao cha ukoo kikianza na kompyuta kitaishia kwenye swali la utaolewa lini.

Nasitisha hapa kwa heshima zote za ofisi, na kuanzia mstari huu ni nyumbani. Hatujambo. Mama yako anakusalimu, anasema mkate ulioumuka juu ya seva ulikuwa mzuri kuliko wote. Shangazi yako anakusalimu kutoka kushoto kwenda kulia. Fundi cherehani anauliza unene wako sasa hivi. Wasalimu wote wa huko, hata mkubwa wako, ila usimwambie mapema.

Ni mimi,
Mpima Ardhi (Mstaafu), Mgawaji Mkuu wa Viwanja vya Kabatini,
baba yako.

Nyongeza baada ya sahihi: Bahasha nilikuwa nimeshailamba, nimeifungua kwa mvuke wa birika. Nilikumbuka kwamba barua ya madai isiyo na kielelezo ni porojo, nikaingia kwenye dirisha jeusi kutafuta ushahidi wa kukuambatanishia. Mama yako alipita na bakuli lake, akaniambia kwamba nikibonyeza mshale wa juu kwenye kibodi amri zote za zamani zitarudi moja moja, na kwamba seva ina faili la kumbukumbu linaloandika kila anayeingia na saa aliyoingia. Sikujua kama anayajua mambo hayo. Anasema ameyajua siku zote, hakuulizwa.

Amri ya kuua iliandikwa Jumatano saa tisa na dakika ishirini na tano, kwenye kompyuta yangu. Nilikuwa namtoa Msumari, nimesahau namba ya kiwanja chake, daftari liko chumbani. Mahali pa namba nikaweka nyota, kwa sababu kwenye ramani zetu za kazini nyota ni alama ya kiwanja chenye mgogoro. Inaonekana seva ikiona nyota inaelewa vyote.

Faili la kumbukumbu nimelisoma lote. Aliyekuwa anaingia meza namba moja kila siku saa tatu kamili ni mjomba wako, kwa simu yake, akiwa amelala uani. Karata nilikuwa nacheza na yeye. Saba ya kopa nilimsogezea yeye. Leo asubuhi tulipokutana bombani nimemwamkia, hakuna jinsi, na amekiri kuhusu vidato vya ngazi.

Jina lako limo mara moja. Ni siku ile uliyoondoka, saa nne na dakika hamsini asubuhi, ukakaa dakika nne, labda ulikuwa unahakikisha kama inafanya kazi. Baada ya hapo hakuna. Nimehesabu kwenye kalenda ya ukutani, nikampa na mama yako ahesabu: miezi minne na siku sita.

Kwa hiyo malalamiko namba moja hadi namba saba nayafuta, na madai yote pamoja na kikao cha ukoo. Nilikuwa nimekukasirikia kwa kunichungulia kila siku, na sasa nimeona hukunichungulia hata siku moja, na hili limeniuma kuliko yale saba. Ile paswedi ya kutazama tu nipe, nitaipokea kwa mikono miwili, ili mradi na wewe uwe humo nikutazame. Asubuhi hii nimefungua meza moja peke yake, kubwa, kina cha rangi ishirini na nne, na masharti yote kumi na moja nimeyaondoa. Sijampa mtu. Nenosiri halijabadilika. Ingia, mwanangu, hata kama ni kubomoa.